Simuni Iling'aa, Kwenye Kompyuta Imekuwa Uji: Kurekebisha Picha za Mandhari kwa GIMP

Kwenye ploti yetu huku Umoja mimi ndiye mtu wa kompyuta. Maana yake ni kwamba Jumapili jioni mlango hubishwa na mtu aliyebeba laptopu mikononi ikiwa bado inawaka. Mara nyingi si virusi, ni picha. Mtu amepiga picha safi ya twiga kule mbugani Lang'ata, maghorofa ya mjini yakichungulia kwa mbali, anataka iwe mandhari ya kompyuta yake, ile picha inayokaa nyuma ya aikoni. Akiiweka, inageuka kitu kingine kabisa.

Nimepanga haya kwa dalili. Tafuta inayofanana na yako, kisha fuata sababu kwa mpangilio: ya kwanza ndiyo ninayokutana nayo kila wiki, ya mwisho ni nadra. Programu ninayotumia ni GIMP. Ni ya bure, inafanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux, na inapakuliwa gimp.org. Ukiambiwa ulipie leseni yake, hapo pana walakini. Funga ukurasa huo. Menyu nitazitaja kwa majina yaliyo kwenye skrini, maana ndiyo utakayoyatafuta.

Kabla hujagusa chochote, nakili picha na uiweke folda nyingine. Mimi niliwahi "kumsafisha" nyanya yangu katika picha ya pekee tuliyokuwa nayo, nikahifadhi juu ya ile asilia. Hadi leo nyanya ana uso wa plastiki.

Dalili: picha ina ukungu au vijiboksi kwenye skrini kubwa, ingawa simuni ilikuwa safi

Hii peke yake ni nusu ya kesi zangu zote. Swali la kwanza huwa ni moja.

"Mama, hii picha ilifikaje kwenye kompyuta?"

"Si nilijitumia kwa WhatsApp, mwanangu."

Basi tumeshapata mwizi. WhatsApp ikituma picha kwa njia ya kawaida huibana ili isile bando, na upande mrefu mara nyingi hubaki na pikseli (vile vidoti vidogo vinavyounda picha) 1600 hivi. Simu yenyewe huenda ilipiga pikseli 4000 kwa 3000. Kilichofika ni 1600 kwa 1200, tena kimeminywa.

Hapa kuna jambo linalowachanganya wengi. Picha ileile ya WhatsApp inaweza kupendeza kwenye laptopu ya ex-UK, yaani iliyotumika Uingereza kabla ya kuuzwa huku, na kuaibisha kwenye skrini ya ofisini. Laptopu nyingi za ex-UK za bei nafuu zina skrini ya pikseli 1366 kwa 768. Ukikata ile picha ya 1600 kwa 1200 iendane na umbo la skrini pana, unabaki na 1600 kwa 900, ambayo inatosha na kubakiza. Lakini skrini ya ofisini ni 1920 kwa 1080. Inahitaji pikseli milioni mbili na zaidi kidogo. Wewe unayo milioni moja na nusu kasoro. Kompyuta itavuta zilizopo kujaza pengo, na kuvuta hakuongezi kitu, ni kama kutia maji kwenye supu.

Kagua hivi. Bofya faili kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua Properties, kisha Details, usome upana na urefu. Halafu bofya kulia mahali patupu kwenye skrini, chagua Display settings, usome Display resolution. Kama picha ni ndogo kuliko skrini, usihangaike na GIMP. Rudi simuni ukachukue faili asilia kwa waya wa USB, na kumbuka kuna waya za bei rahisi zinazochaji tu bila kupitisha data. Kama ni lazima upitie WhatsApp, itume kama Document, si kama picha. Chaguo la HD linasaidia kiasi, ila bado linabana.

Picha haikupitia WhatsApp? Fuata hizi.

Inawezekana ni skrinishoti. Mtu ameona picha kwenye mtandao wa kijamii, akaipiga skrinishoti, na sasa anayo picha ya picha, pamoja na asilimia ya betri pale juu. Iombe asilia kwa mwenyewe.

Inawezekana picha ilitikisika tangu mwanzo. Ifungue kwenye GIMP, bonyeza namba 1 kwenye kibodi ili uione kwa ukubwa wake halisi, pikseli moja ya picha kwa pikseli moja ya skrini. Tazama kitu chenye ncha, mfano pembe za yule twiga. Nilipofanya hivyo na picha ya jirani, kila pembe ilikuwa na pacha wake pembeni, zote zimeelekea upande mmoja. Huo ni mkono uliotikisika, labda gari lilikuwa bado linatembea. Kama ingekuwa kubanwa, ningeona vidoti vimezunguka ncha kama mbu, na anga imegawanyika kwa miraba midogo. JPEG hubana picha kwa vipande vya pikseli 8 kwa 8, na ikizidisha, mishono inaonekana. Iliyobanwa ina asilia mahali fulani. Iliyotikisika ndiyo hiyohiyo.

Mwisho, Windows yenyewe. Ukiweka JPEG kuwa mandhari, Windows hutengeneza nakala yake iliyobanwa, kwa kawaida kwenye ubora wa 85. Wengi hawaoni tofauti. Mwenye jicho kali huiona angani. Cha kwanza ni kuhakikisha picha ina vipimo vilevile vya skrini, ili Windows isiwe na sababu ya kuipunguza au kuivuta. Tiba ya ndani zaidi iko kwenye Registry, ghala la mipangilio ya ndani ya Windows: chini ya HKEY_CURRENT_USER, Control Panel, Desktop, unaunda DWORD (aina ya ingizo la namba) iitwayo JPEGImportQuality yenye thamani ya 100 kwa desimali, kisha unaichagua picha upya. Simama hapa kama hujawahi kufungua Registry, au kama kompyuta ni ya mwajiri. Kosa la herufi moja mahali pasipofaa linaweza kukuletea shida kubwa kuliko anga yenye vijiboksi. Mwachie mtu wa IT.

Kuhusu kunoa: wengi wakiona ukungu hukimbilia Filters, Enhance, Sharpen. Kunoa ni hatua ya mwisho kabisa, baada ya kukata na kupunguza ukubwa. Mimi huweka Radius kwenye 1 au chini yake na Amount karibu 0.4, naangalia matawi dhidi ya anga. Yakianza kuzungukwa na mstari mweupe, nimezidisha, narudi nyuma. Picha iliyotikisika hainoleki.

Dalili: vichwa vimekatwa, kuna mistari myeusi pembeni, au watu wamenenepa ghafla

Umbo la picha halilingani na la skrini. Kamera nyingi za simu hupiga kwa uwiano wa 4 kwa 3, skrini nyingi za kompyuta ni 16 kwa 9. Windows inapaswa kuamua iue nini. Ukiwa umechagua Fill, inakata juu na chini. Fit inaacha mistari. Stretch inavuta watu hadi bwana harusi anafanana na debe.

Kagua kwanza hilo chaguo kwenye Personalization, Background. Kama ni Stretch, badilisha kuwa Fill, na pengine kazi imekwisha.

La sivyo, kata mwenyewe. Kwenye GIMP bonyeza Shift+C, weka alama kwenye Fixed, chagua Aspect ratio, andika 16:9. Picha ya 4000 kwa 3000 itabaki 4000 kwa 2250, yaani unapoteza robo ya urefu. Ndiyo maana unapopiga picha uache nafasi juu ya vichwa. Baada ya kukata, nenda Image, Scale Image, andika upana wa skrini yako. Nambari za DPI zilizo hapo chini achana nazo. 72 au 300, kwenye skrini hazibadilishi kitu, ni za wachapishaji.

Unapokata, fikiria aikoni. Hukaa kushoto, na upau wa kazi uko chini. Twiga akiwa kushoto atavaa aikoni ya Recycle Bin usoni. Mpeleke kulia, upande wa kushoto uwe nyasi au anga.

Jengo likiwa limeinama, na KICC, lile jumba refu la mikutano mjini Nairobi, huinama katika picha ya kila mtu anayeipiga akiwa chini karibu nayo, tofautisha mambo mawili. Kama upeo wote umelala upande, bonyeza Shift+M, chora mstari kufuata upeo, ubofye Straighten, kisha ukate pembe tupu zinazobaki. Lakini kama jengo linakonda kuelekea juu kana kwamba linaanguka kinyumenyume, hiyo ni kwa sababu uliinua simu. Kuna kifaa cha Perspective kwa ajili hiyo, ila kwa mandhari mimi huliacha lilivyo. Lina mita 105, lina haki ya kukonda kidogo.

Dalili: picha imefifia, kama imepakwa vumbi au majivu

Nairobi ina majira mawili ya kuharibu picha. Januari na Februari ni vumbi na jua la utosi. Juni hadi Agosti ni mawingu ya kijivu asubuhi hadi jioni. Picha za majira hayo hutoka bila weusi wa kweli wala weupe wa kweli, kila kitu kimebanana katikati.

Kagua kwanza lenzi ya simu. Nasema kweli. Ikitoka mfukoni ina mafuta ya vidole, na taa zote zinatawanyika. Ukiona kila picha ya mwezi huu ina utando uleule, si anga, ni kidole chako. Futa kwa kitambaa laini, piga nyingine, linganisha.

Kama ni hali ya hewa, tiba ni Colors, Levels. Utaona mchoro kama kilima, na chini yake pembetatu tatu. Katika picha iliyofifia, kilima kinaanza mbali na ukuta wa kushoto na kuishia kabla ya ukuta wa kulia. Sogeza pembetatu nyeusi hadi kilima kinapoanzia, na nyeupe hadi kinapoishia. Basi. Utashtuka jinsi vilima vya Ngong vinavyojitokeza nyuma ya mabati ya mtaa. Ya katikati isogeze kidogo tu, kushoto kwa kung'arisha, kulia kwa kutia kiza.

Bado haitoshi? Jaribu Colors, Shadows-Highlights, hasa mtu akiwa amesimama mbele ya dirisha au jua na uso umekuwa mweusi. Inua vivuli polepole. Ukizidisha, ngozi inageuka majivu na chengachenga, vile vidoti vya fujo vya picha za gizani, zinatoka mafichoni.

Anga iliyoungua ni habari nyingine. Kama mawingu ni meupe pee, na kilima kimebanana kwenye ukuta wa kulia, hakuna data pale. Hakuna kifaa kitakachorudisha mawingu ambayo kamera haikuyaandika. Kata anga, au piga nyingine saa kumi na mbili jioni.

Dalili: rangi si zenyewe

Anza na kompyuta, si picha. Night light, ule mpangilio wa Windows wa kupunguza mwanga wa bluu usiku, ikiwa imewashwa, kila kitu kina rangi ya chai ya maziwa. Izime. Kisha sogeza kichwa juu na chini: skrini za laptopu nyingi za zamani hubadilisha rangi kulingana na pembe unayotazamia, kwa hiyo usifanye uamuzi wa rangi ukiwa umelala kitandani.

Kama kila mtu kwenye picha ana rangi ya bluu au ya manjano, kamera ilikosea kukadiria mwanga. Colors, Auto, White Balance hufanya kazi mara nyingi. Mara nyingine huharibu, hasa machweo, kwa sababu inadhani ile rangi ya dhahabu ni kosa na kuifuta. Likitokea hilo, Ctrl+Z, ufungue Levels, uchukue kidude cha katikati kati ya vile vitatu vya kunyonya rangi, ubofye kitu unachojua ni kijivu. Lami kavu inafaa sana. Ukuta wa saruji pia. Usibofye shati jeupe lililofuliwa kwa sabuni yenye bluu, litakudanganya.

Picha za mijakaranda ya Oktoba zina kesi yake. Watu huvuta Saturation hadi maua yanafanana na wino wa stempu. Zambarau ya mjakaranda ni hafifu, na ukiikoleza sana petali zote zinaungana kuwa doa moja. Vuta hadi upende, kisha rudisha nusu.

Sababu ya nadra zaidi: picha ina wasifu wa rangi (maelezo ndani ya faili ya jinsi rangi zisomwe) usio wa kawaida. iPhone hutumia Display P3, na kamera nyingine huwekwa Adobe RGB. Programu isiyojali wasifu huzionyesha vibaya, mara nyingi zikiwa zimepauka. GIMP ikikuuliza wakati wa kufungua kama ibadilishe au iache, chagua Convert, uende sRGB, ule wasifu wa kawaida wa skrini.

Simama umwone fundi kama rangi mbovu, mistari au madoa yanaonekana hata kabla Windows haijafunguka, pale nembo ya kampuni inapotokea. Hiyo ni skrini au waya wake. Na kama laptopu imevimba, padi ya kugusa imeinuka au kifuniko hakifungi sawasawa, usiibonyeze irudi chini. Izime, chomoa chaja, ipeleke. Betri imevimba, na betri iliyovimba inaweza kushika moto.

Dalili: chengachenga kwenye picha za usiku

Kamera ilikosa mwanga ikajipandishia ISO, yaani usikivu wake kwa mwanga. Wengi huanza na Noise Reduction. Mimi naanza na Scale Image. Ukipunguza picha ya pikseli 4000 hadi 1920, kila pikseli mpya inatokana na takriban nne za zamani, na chengachenga hupungua zenyewe bila kumfanya mtu awe sanamu ya nta. Zikibaki, ndipo Filters, Enhance, Noise Reduction, kwa nguvu ndogo. Anza na 2.

Dalili: anga ina ngazi badala ya kubadilika taratibu

Kwanza itazame picha hiyohiyo simuni. Kama simuni iko laini, ni skrini ya laptopu isiyoweza kuonyesha rangi za kutosha, na huna la kufanya. Kama ngazi ziko kotekote, umevuta Levels kupita kiasi kwenye faili ya JPEG. Rudi kwenye nakala, nenda Image, Precision, chagua biti 16 kabla ya kuhariri, na mwishoni ongeza chengachenga kidogo sana kwa Filters, Noise. Inaonekana kichekesho, kuziondoa pale juu na kuzitia hapa, lakini ndizo zinazovunja zile ngazi.

Dalili: nimehifadhi, lakini Windows haiioni

Ulibonyeza Save. Save ya GIMP hutoa faili ya XCF, ambayo ni daftari lako la kazi na Windows haiisomi. Bonyeza Shift+Ctrl+E, andika jina likiishia na .jpg au .png. XCF usiitupe, stima ikipotea kesho katikati ya kazi, ndiyo itakayokuokoa, mradi uwe unabonyeza Ctrl+S kila mara. Hapohapo kwenye dirisha la kutoa JPEG, kama utawagawia watu picha hiyo, ondoa alama kwenye Exif, yale maelezo yaliyofichwa ndani ya faili ya picha. Ndani yake huweza kuwemo mahali halisi ilipopigwa, yaani mlango wako.

Kama ni faili ya HEIC kutoka iPhone, GIMP ya siku hizi inaifungua, nawe unaitoa kama JPEG.

Dalili: nusu ya picha ni ya kijivu, au ina mistari ya rangi za ajabu

Mara nyingi kunakili kulikatizwa, waya ulichomolewa mapema. Nakili upya kutoka simuni au kwenye kadi. Ikitoka nzima, imekwisha.

Ikitoka vilevile, fungua picha nyingine tatu nne za kadi hiyo. Kama moja tu ndiyo mbovu, isamehe. Kama ni kadhaa, au kompyuta inakuomba ufanye Format, simama kabisa. Usikubali Format. Usipige picha nyingine kwenye kadi hiyo, wala usihariri kitu ndani yake, kwa sababu kila kinachoandikwa kinaweza kufunika kile unachotaka kuokoa. Toa kadi. Ukiwa na uzoefu kuna PhotoRec, ya bure, ambayo hufukua picha na kuzihifadhi kwenye diski nyingine, kamwe si kwenye kadi ileile. Lakini kama ni picha za harusi au za mazishi na hakuna nakala, usijaribu hata mara moja. Mpelekee fundi wa kuokoa data, mwambie ulichofanya na ambacho hukufanya, na mkubaliane bei kabla hajaichomeka.